Ushindi laki, hasara laki, kodi palepale

*Tangu Januari 2026, mcheza kamari nchini Marekani anaruhusiwa kuondoa asilimia 90 tu ya hasara zake anapojaza ritani ya kodi. Aliyemaliza mwaka bila faida hata senti moja anaweza kujikuta na deni la serikali.*

Mashine ya sloti ikitoa ushindi mkubwa katika kasino za Las Vegas, hailipi papo hapo. Inajifunga. Taa ya juu inawaka, vitufe vinagoma, na mchezaji anabaki kitini kumsubiri mhudumu.

Mhudumu haji na pongezi peke yake. Anaomba kitambulisho na namba ya hifadhi ya jamii, kisha anarudi na fedha taslimu pamoja na karatasi iitwayo Fomu W-2G. Nakala moja ni ya mchezaji, nyingine inakwenda kwa Mamlaka ya Mapato ya Marekani, IRS. Mchezaji asiyetaka kutaja namba yake hukatwa asilimia 24 kabla hajashika noti.

Tuseme ushindi huo ni dola 3,000, na kufikia mwisho wa wiki mchezaji amezirudisha zote kwenye meza na mashine nyingine za kasino ileile. Anapanda teksi kwenda uwanja wa ndege akiwa mikono mitupu. Safari hii hakuna mhudumu anayemkimbilia na fomu ya kushuhudia kwamba fedha zimekwisha.

Huo ndio mgogoro wenyewe. Ushindi una karatasi na shahidi. Hasara, mwenyewe ajitafutie ushahidi, na tangu mwanzo wa 2026 hata akiuleta wote, sehemu ya kumi haihesabiwi.

Kila ushindi ni pato

Kwa sheria ya kodi ya mapato ya Marekani, fedha ya kamari haina tofauti na mshahara au pango la nyumba. Iwe imetoka kwenye kasino, bahati nasibu, bingo ya kanisani, mbio za farasi au programu ya kubeti kwenye simu, yote huandikwa kwenye ritani ya mwaka.

Watu wengi huteleza hapo. Hudhani kwamba bila fomu hakuna kodi. Fomu W-2G ni taarifa tu, kazi yake ni kuijulisha IRS kwamba fulani ameshinda. Wajibu wa kuandika ushindi upo hata kama hakuna karatasi yoyote iliyotolewa.

Kwa mashine za sloti, kiwango cha kutoa fomu kiliwekwa dola 1,200 mwaka 1977, kikaachwa hivyo kwa karibu nusu karne. Kwa mfumuko wa bei, dola 1,200 za wakati ule ni zaidi ya dola 6,000 za sasa. Mwaka 2026 kiwango kimepandishwa hadi dola 2,000. Kasino zililiomba jambo hilo kwa miaka mingi, maana kila mashine inapojifunga biashara husimama.

Hata hivyo, mtu aliyeshinda dola 1,900 bado anatakiwa aziandike. Kilichoondoka ni shahidi, deni halijaondoka.

> Fomu haizai kodi. Asiyepewa fomu naye anatakiwa kuandika ushindi wake.

Serikali nayo ina sababu ya kulalamika. Mwaka 2024, Mkaguzi Mkuu wa Hazina anayeshughulikia usimamizi wa kodi aliripoti kwamba karibu watu 150,000 waliopewa fomu hizo kwa miaka ya 2018 hadi 2020, wakiwa na ushindi wa dola 15,000 au zaidi, hawakujaza ritani kabisa. Ushindi wao kwa jumla ulizidi dola bilioni 13.

Hasara ina mlango wake

Ushindi huingia juu kabisa ya hesabu, pamoja na mapato mengine yote. Hasara haitolewi hapohapo. Inasubiri chini, kwenye orodha ya makato binafsi, jirani na riba ya mkopo wa nyumba na sadaka kwa taasisi za hisani.

Na ina masharti matatu. La kwanza, hasara haiwezi kuzidi ushindi wa mwaka huo. Mtu aliyeshinda dola 2,000 na kupoteza 12,000 hawezi kuzitumia zile 10,000 za ziada kupunguza kodi ya mshahara wake. La pili, hasara ya mwaka huu haihamishiwi mwaka ujao. La tatu, mlipakodi lazima achague kuorodhesha makato yake moja moja badala ya kuchukua punguzo la jumla ambalo sheria humpa kila mtu.

Sharti la kwanza ni la mwaka 1934. Bunge la wakati huo lilichoshwa na walipakodi waliokuwa wepesi kuandika hasara za kamari na wazito kukumbuka ushindi. Likafunga mlango: hasara itahesabiwa pale tu penye ushindi ulioandikwa, na itaishia hapo.

Kwa watu wa kawaida, linalouma zaidi ni sharti la tatu. Kwa mwaka wa kodi 2026, punguzo la jumla ni dola 16,100 kwa asiye na ndoa na dola 32,200 kwa wanandoa wanaojaza ritani pamoja. Karibu walipakodi tisa kati ya kumi hulichukua hilo, kwa sababu makato yao binafsi hayafiki huko.

Chukua mfanyakazi wa ghala asiye na ndoa, mwenye mshahara wa dola 50,000 kwa mwaka. Anabeti mpira na kucheza sloti siku za mapumziko. Mwaka mzima ameshinda dola 8,000 na kupoteza 9,000. Mfukoni ana pungufu ya dola 1,000.

Akiorodhesha hasara zake hawezi kuvuka dola 8,000, ambazo ni nusu tu ya punguzo la jumla. Kwa hiyo anachukua punguzo la jumla kama wenzake, na hasara zake zinabaki nje ya hesabu. Ushindi wa dola 8,000 unaongezwa kwenye mshahara na kutozwa asilimia 12, ambayo ni dola 960. Amepoteza dola 1,000 kwenye kamari, na karibu nyingine 1,000 kwa serikali.

Tena madhara hayaishii kwenye kodi. Kwa kuwa ushindi umepandisha jumla ya mapato yake, msaada wa serikali katika kulipia bima ya afya unaweza kupungua. Mstaafu naye anaweza kukuta sehemu kubwa zaidi ya pensheni yake ya hifadhi ya jamii inatozwa kodi. Kwenye makaratasi wote wawili wameonekana matajiri kuliko walivyo.

Asilimia kumi iliyozua kelele

Hayo yote ni ya zamani. Jipya lilikuja tarehe 4 Julai 2025, Rais Donald Trump alipotia saini sheria ya kodi na matumizi inayojulikana kama One Big Beautiful Bill Act. Ndani ya mamia ya kurasa zake kulikuwa na kifungu kifupi kuhusu kamari: kuanzia mwaka wa kodi 2026, mchezaji anaruhusiwa kuondoa asilimia 90 tu ya hasara zake, na bado zisizidi ushindi.

Kwa anayesoma haraka, ni asilimia kumi tu. Lakini asilimia kumi hiyo inakatwa kwenye hasara yote, na kwa anayecheza kila siku hasara yote huwa kubwa mara nyingi kuliko faida inayobaki.

HESABU KWA UFUPI

*Kwa mchezaji anayeorodhesha makato yake*

• Ushindi dola 100,000, hasara 100,000. Faida halisi ni sifuri. Sheria ya zamani: pato la kutozwa ni sifuri. Sheria mpya: dola 10,000.

• Ushindi dola 100,000, hasara 95,000. Faida halisi ni 5,000. Sheria ya zamani: dola 5,000. Sheria mpya: dola 14,500.

• Ushindi dola 100,000, hasara 104,000. Amepoteza 4,000. Sheria ya zamani: sifuri. Sheria mpya: dola 6,400.

• Ushindi dola 1,000,000, hasara 960,000. Faida halisi ni 40,000. Sheria ya zamani: dola 40,000. Sheria mpya: dola 136,000.

Mstari wa pili unatosha kueleza hasira za wachezaji. Mtu mwenye faida ya dola 5,000, akiwa kwenye ngazi ya kodi ya asilimia 24, atalipa dola 3,480. Katika kila dola aliyopata, senti karibu 70 zimekwenda.

Kuna jingine la ajabu zaidi. Ili mtu aliyeshinda dola 100,000 asitozwe chochote juu yake, lazima hasara zake zizidi dola 111,111. Aliyetoka sare anadaiwa, na aliyepoteza kidogo naye anadaiwa. Anayesamehewa ni yule aliyepoteza sana.

> Ili ushindi wa dola 100,000 usitozwe kodi, lazima mchezaji awe amepoteza zaidi ya dola 111,111.

Lipo jambo moja linalopunguza makali. IRS hailazimishi kuhesabu kila mzunguko wa mashine kivyake. Mtu aliyekaa kwenye sloti na dola 100, akapanda na kushuka kwa saa mbili, kisha akaondoka na 300, ameshinda 200. Hesabu ya kikao namna hiyo hupunguza ushindi na hasara kwa pamoja. Wanaobeti michezo hawana ahueni ya wazi kama hiyo, na wacheza poka wa mashindano hulipa kiingilio kwa kila shindano, wakipoteza viingilio vingi ili wapate ushindi mmoja mkubwa.

Kilivyoingia

Muswada ulipotoka Baraza la Wawakilishi haukuwa na asilimia 90. Kifungu kiliongezwa Seneti, ambako sheria yote ilipita kwa kura 51 dhidi ya 50, Makamu wa Rais JD Vance akivunja sare. Baadaye baadhi ya maseneta waliopiga kura ya ndiyo waliwaambia waandishi wa habari kwamba hawakujua kifungu hicho kimo.

Maelezo yanayotolewa Washington ni ya kiutaratibu. Muswada ulipitishwa kwa njia ya pekee ya bajeti, ambayo hudai kila kifungu kiwe na athari kwenye mapato au matumizi ya serikali. Kugusa sheria ya hasara za kamari bila kuingiza au kutoa fedha yoyote kungezua pingamizi. Kamati ya pamoja ya Bunge inayokadiria mapato ya kodi ilikisia kwamba kifungu kingeleta takriban dola bilioni 1.1 hadi mwaka 2034. Kwa bajeti ya Marekani, hizo ni fedha ndogo sana.

Wabunge wa Nevada walikuwa wa kwanza kupaza sauti. Dina Titus, Mdemokrati anayewakilisha Las Vegas, aliwasilisha muswada wa kurudisha asilimia 100 siku chache tu baada ya sheria kusainiwa. Seneta Catherine Cortez Masto alijaribu Julai hiyohiyo kuupitisha wa kwake Seneti kwa ridhaa ya wote. Seneta Todd Young wa Indiana akapinga, na kwa utaratibu ule sauti moja ya kupinga inatosha kuzuia.

Nao Warepublican hawakuwa kitu kimoja. Andy Barr wa Kentucky, jimbo la mbio za farasi, naye aliwasilisha muswada wake wa kufuta kifungu hicho. Wafugaji na wenye viwanja vya mbio wanawategemea wachache wanaoweka madau makubwa kila wiki, na hao ndio ambao hesabu mpya inawafukuza.

Mtu anayeishi kwa kamari

Mahakama Kuu ya Marekani iliwahi kukutana na mtu wa aina hiyo. Robert Groetzinger alikuwa akibeti mbio za mbwa. Kwa wiki 48 za mwaka 1978 alikuwa uwanjani siku sita kwa wiki, saa 60 hadi 80, akisoma rekodi za mbwa na kupanga madau. Alishinda dola 70,000, lakini madau yake yalikuwa dola 72,032. Mwaka mzima wa jasho ulimwachia hasara ya dola 2,032.

Swali lilikuwa kama shughuli ile ni biashara. Mwaka 1987 mahakama ilisema ndiyo: mtu anayecheza kwa muda wote, kwa nia njema na kwa lengo la kujipatia riziki, anafanya kazi kama mfanyabiashara mwingine. Tangu hapo anayethibitisha hivyo huweka ushindi na hasara kwenye hesabu za biashara, bila kungojea orodha ya makato binafsi.

Sheria mpya inamfuata huko pia. Asilimia 90 inamhusu mtaalamu kama inavyomhusu anayejifurahisha, na inagusa hata gharama zake za safari na malazi, ambazo tangu 2018 zinahesabiwa pamoja na hasara. Duka linalouza kwa faida ya asilimia nne lingefungwa kama serikali ingekataa kutambua sehemu ya kumi ya gharama za kununulia mali. Phil Galfond, mmoja wa wacheza poka maarufu, alionya hadharani kwamba kifungu hicho kingemaliza kazi ya kamari kwa wanaoishi kwayo nchini humo.

Kwa Groetzinger wa leo, mwenye tarakimu zilezile, hasara ya dola 72,032 ingetambuliwa dola 64,829 tu. Angerudi nyumbani na pungufu ya dola 2,032, kisha atozwe kodi juu ya pato la zaidi ya dola 5,000 ambalo hakulipata.

Wanaokitetea kifungu

Upande wa pili una hoja, na si za kupuuzwa. Hoja ya kwanza ni kwamba kamari kwa watu wengi ni starehe. Anayekwenda tamasha la muziki haondoi bei ya tiketi kwenye kodi yake. Kwa nini anayelipia msisimko wa sloti aondoe?

Hoja ya pili ni ushahidi. Hasara ni rahisi kudai na ngumu kukagua. Kwenye viwanja vya farasi, tiketi zilizopoteza hutupwa chini, na anayetaka kupandisha hasara zake anaweza kuinama na kuziokota. Kupunguza asilimia kumi kwa kila mtu ni njia ya serikali ya kujikinga na wanaokuza hesabu.

Ya tatu ni afya ya jamii. Mei 2018, Mahakama Kuu iliondoa katazo la shirikisho lililozuia majimbo mengi kuhalalisha kubeti michezo. Sasa zaidi ya majimbo 35 yameruhusu. Mwaka 2024 Wamarekani waliweka karibu dola bilioni 150 kwenye kubeti michezo kihalali. Wako wanaosema sheria isiyomfurahisha mbeti si jambo la kusikitikia.

Hoja hizo zina uzito, ila hazielekei kwenye kifungu hiki. Kama hasara ni starehe, basi isihesabiwe kabisa. Kutambua sehemu tisa kati ya kumi hakufuati kanuni yoyote. Kama tatizo ni ushahidi, anayebeti kwa simu ndiye mwenye ushahidi kamili kuliko wote, maana kila dau lake limeandikwa na kampuni, na bado anakatwa sawa na aliyeokota tiketi. Na kama lengo ni kupunguza kamari, mwenye kupoteza vibaya kuliko wote ndiye anayeachwa bila kodi.

Hatari nyingine ni ya kukimbia. Wenye madau makubwa wana pa kwenda: tovuti za nje zisizo na leseni, ambazo hazitoi fomu kwa mtu, au masoko ya utabiri kama Kalshi, ambako mtu hununua mkataba juu ya matokeo ya uchaguzi au mechi. Masoko hayo husimamiwa kama biashara ya mikataba ya fedha, na wako wanaodai kwamba faida na hasara zake hazimo katika sheria ya kamari. Kila anayehamia huko anapunguza ile bilioni 1.1 iliyokisiwa.

Mgeni na mhamiaji

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, suala hili si la mbali. Anayekwenda Marekani kwa mkutano au kumtembelea ndugu, akapita kasino na kushinda kwenye sloti, anakatwa asilimia 30 palepale. Hasara zake hazihesabiwi hata kidogo.

Raia wa baadhi ya nchi hupata nafuu kupitia mikataba ya kodi kati ya nchi zao na Marekani. Kenya, Tanzania na Uganda hazina mkataba huo. Michezo michache imesamehewa kwa wageni, kama ruleti na blackjack, kwa sababu ni vigumu kwa kasino kujua mchezaji wa mezani ameshinda kiasi gani hasa.

Aliyepata kibali cha kudumu, yule aliyekwenda kwa bahati nasibu ya viza au kwa ndoa, sheria inamwona mkazi kama raia. Anaandika mapato yake ya dunia nzima. Mkeka uliotiki Dar es Salaam au Mombasa nao unapaswa kuonekana kwenye ritani yake ya Marekani, hata kama fedha zilibaki kwenye simu ya nyumbani.

Kwetu wanakata kwanza

Mbeti wa Nairobi au wa Arusha anayesoma haya huenda akashangaa. Yeye hajawahi kujaza ritani kwa ajili ya mkeka. Kodi yake hukatwa na kampuni kabla fedha hazijamfikia, na biashara imeishia hapo.

Kenya ndiyo iliyojaribu njia nyingi zaidi. Ushuru wa asilimia 20 juu ya dau ulianza 2019 na kuondolewa 2020. Ukarudi kwa asilimia 7.5 mwaka 2021, ukapanda hadi 12.5 mwaka 2023, kisha 15 mwishoni mwa 2024. Juu yake kulikuwa na kodi ya zuio ya asilimia 20 ya ushindi.

Tangu Julai 2025, hesabu imegeuka. Sasa ni asilimia 5 ya fedha inayowekwa kwenye akaunti ya kubeti na asilimia 5 ya inayotolewa. Anayeweka shilingi 1,000 hukatwa 50. Akibadili nia na kuzitoa zile 950 bila kuweka dau lolote, sheria inagusa fedha inayotolewa, hivyo anakatwa tena 47.50. Anabaki na shilingi 902.50 na hajaangalia hata mechi moja.

Hiyo si kodi ya pato, wala haijifanyi kuwa kodi ya pato. Ni ada ya kupita mlangoni. Aliyepoteza nyumba na aliyeshinda gari hulipa kwa kiwango kimoja, na hasara haina pa kuandikwa.

Uingereza ilichagua njia ya tatu. Mwaka 2001, Gordon Brown akiwa Waziri wa Fedha, ushuru uliokuwa ukimwangukia mbeti ulifutwa, na kodi ikahamishiwa kwenye faida ghafi ya kampuni za kubeti. Mchezaji wa London akishinda milioni, ni yake. Akipoteza, asiitafute serikali.

> Uingereza inaitoza nyumba ya kamari. Kenya inatoza fedha ikipita. Marekani inadai kutoza pato la mtu.

Marekani peke yake kati ya hizo tatu ndiyo inayomwambia mchezaji: tuonyeshe mwaka wako mzima, tukutoze kile ulichopata. Ni ahadi nzito zaidi, na ndiyo maana asilimia kumi inaivunja.

Daftari la mchezaji

Wakati wabunge wakivutana, anayetaka kujikinga ana kazi ya kufanya. Mwongozo wa IRS, ambao misingi yake ni ya mwaka 1977, unamtaka mchezaji aweke daftari: tarehe na aina ya mchezo, jina na anwani ya mahali, majina ya aliokuwa nao, na kiasi alichoshinda au kupoteza.

Daftari peke yake halitoshi. Linahitaji vielelezo: tiketi, risiti za kutoa fedha, taarifa za benki, nakala za W-2G. Kasino nyingi hutoa taarifa ya mwaka kwa wenye kadi ya mchezaji, na programu za kubeti zinahifadhi historia ya kila dau. Inafaa kuipakua mapema, kabla akaunti haijafungwa.

Kuandika kwa vikao kunasaidia zaidi ya zamani. Kadiri ushindi na hasara vinavyohesabiwa pamoja ndani ya kikao kimoja halali, ndivyo hasara inayobaki kukatwa ile asilimia kumi inavyokuwa ndogo. Na anayeishi jimbo lenye kodi yake ya mapato aangalie sheria za huko pia. Nevada haina kodi hiyo, lakini kuna majimbo, Illinois likiwamo, yasiyomruhusu mchezaji wa kawaida kuondoa hasara hata ya dola moja.

Kipimo cha Aprili 2027

Ritani za kwanza chini ya sheria mpya zitajazwa mapema mwaka 2027, mwisho ukiwa tarehe 15 Aprili. Kwa wachezaji wengi wadogo hakutakuwa na tofauti, kwa sababu hasara zao hazikuwa zikihesabiwa hata kabla. Watakaoshtuka ni wale wachache walioandika kila kitu, wakaweka risiti, wakajaza kwa uaminifu.

Hapo ndipo ubaya wa kifungu ulipo. Aliyeficha ushindi wake haguswi na asilimia 90, kwa kuwa hana hasara anayoiombea. Aliyebeti kwenye tovuti ya nje haguswi. Kifungu kinamlenga mlipakodi aliyejitokeza mwenyewe mezani na vitabu vyake.

Nchi inayotaka kutoza kamari ina njia zilizo wazi: itoze kampuni, au ikate kila dau na kusema hivyo mbele ya watu. Wabeti watalalamika, lakini watajua wanalipia nini. Inayochagua kodi ya mapato imekubali kazi ngumu zaidi, ya kuhesabu kilichopatikana baada ya kutoa kilichopotea. Sheria iliyoanza 2026 inadai kodi ya mapato bila kuifanya hesabu hiyo mpaka mwisho, na bili inamwendea aliyekuwa mkweli.